Barua Zenu: Siku ya Mmishenari Kijana Ugenini Inaendaje?

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu barua nyingi zimekuja za jambo moja, vijana wanaotumwa na makanisa yao kwenda kuhudumu nje ya nchi, na mimi mwenyewe nilikaa Nampula, Msumbiji, kuanzia 2013 mpaka 2015, nilienda nikiwa na miaka 23, kwa hiyo nimemuomba mhariri aniachie nafasi kubwa kidogo nijibu vizuri. Sijibu kama mchungaji maana mi sio mchungaji, najibu kama dada alieenda akarudi.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 22, nakaa Area C hapa hapa Dodoma. Kanisa letu limenichagua niende Nampula miaka miwili, kufundisha watoto na kutembelea watu majumbani, naondoka mwezi wa nane. Kila mtu ananipa hongera na kuniombea lakini hakuna hata mmoja anaeniambia siku inaendaje huko, yani nikiamka nafanya nini, nakula nini, nalala saa ngapi. Na mama analia kila akiona nafungua begi. Nisaidie dada yangu.
*Binti wa Area C*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, barua yako nimeisoma mara tatu maana unaenda palepale nilipokuwa mimi.

Nikwambie ukweli ambao mi sikuambiwa. Sehemu kubwa ya siku ni maji, mkaa, kufua na kutembea kwa miguu. Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Masasi, tunaamka saa kumi na moja na nusu kwa sababu bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji alfajiri na ukichelewa unakuta foleni ya ndoo imefika barabarani. Tukirudi tunasali, tunapika uji, afu masaa mawili tunakaa kwenye mkeka na madaftari kujifunza lugha, hiyo hatukuruka hata siku moja. Saa tatu tunatoka. Mchana jua likiwa kali watu wanapumzika, usiende kubisha hodi mlango wa mtu saa saba, na sisi tulikuwa tunarudi kula na kupumzika kidogo. Jioni watoto, nyimbo, hadithi za Biblia chini ya mwembe, na giza halitukuti nje. Usiku kabla ya kulala tunaandika majina ya wote tuliokutana nao siku hiyo na shida zao, tunawaombea mmoja mmoja kwa jina, hilo daftari ninalo mpaka leo. Jumatatu ndo siku yetu, tunafua, tunaenda sokoni, tunalala mchana.

Chakula utakizoea haraka. Ugali upo, wanaita xima, ila Wamakua, wenyeji wa huko, wengi wanapenda ule wa unga wa muhogo, wanaita karakata, unavutika, na kwa mtu aliekulia ugali wa uwele na mlenda kama sisi haukusumbui kabisa. Kisamvu wanapika na karanga na nazi, wanaita matapa, ukirudi nyumbani utakililia. Daladala ni chapa, kitenge ni capulana. Hela ya mwezi ikifika ipange siku hiyo hiyo, sisi tulikuwa na bahasha nne, chakula, nauli, mkaa na maji, na ya nne ya ugonjwa, na hiyo ya nne hairuhusiwi kuguswa hata kama mmelala na njaa.

Lugha sasa. Kireno ni cha ofisini, shuleni na makanisa mengi ya mjini, Kimakua ndo cha nyumbani, na utapata moyo maana salamu yao ni salama na shukrani yao ni koxukhuru, hiyo x isome kama sh, unaona kabisa ni shukuru. Yule mwenzangu kwao Masasi ni Mmakua kwa hiyo alikuwa anaelewa mengi toka siku ya kwanza, mi ndo nilihangaika. Na hapa naomba usome taratibu.

Mwezi wangu wa pili nilikutana na mama mmoja bombani, nikiwa peke yangu, akaniomba tumtembelee nyumbani kwake awapikie wageni. Nikamwambia kwa Kireno changu cha daftarini tutakuja kesho "às três", kichwani nina saa tatu asubuhi. Kesho yake saa tatu tukafika, mlango umefungwa, majirani wanasema yuko shambani, nikarudi nimeumia nikijisemea huyu mama katudharau. Kumbe wao hawahesabu saa kama sisi, três kwao ni saa tisa alasiri. Yule mama saa tisa alikuwa amekaa mlangoni na capulana yake nzuri, amechinja kuku, na alikuwa nae mmoja tu, amempika na nazi, watoto wake wanne wanangoja kula na wageni. Walingoja mpaka giza likaingia ndo wakala. Nimekuja kujua siku iliyofuata bombani, aliponiuliza kwa upole kama nilikuwa naumwa. Hakukasirika, aliuliza tu kama nilikuwa naumwa. Nililia mbele ya ndoo za watu. Kwa hiyo saa jifunze kabla hujapanda ndege, wiki ya kwanza ukipanga na mtu muonyeshe kwa mkono jua litakuwa wapi, na ukumbuke wako nyuma yetu kwa lisaa limoja, hapa ikiwa saa mbili usiku kule ni saa moja.

Jambo lingine litakalokushangaza ni kwamba jina la kwetu limekutangulia. Kuna mtaa wa nje ya mji tulikuwa tunapita tunaongea Kiswahili, mzee amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe, akainua kichwa akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, nyie watoto wa wapi. Nikamwambia mimi natoka Dodoma. Akaweka kisu chini. Akauliza, Kongwa bado kuna ule upepo? Nilishindwa kujibu. Wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi Kongwa, mkoa wetu huu wa Dodoma, kuanzia 1964, mwaka vita ya ukombozi ilipoanza, Samora Machel mwenyewe aliiongoza kambi ile, na nchi yao ikaja kupata uhuru 25 Juni 1975. Yule mzee alikuwa kijana wa kambini, anakumbuka baridi ya usiku, anakumbuka akina mama wa Kigogo waliokuwa wakiwauzia maziwa kwenye vibuyu. Aliingia ndani akatuletea viti, tukakaa pale mpaka jioni, na siku ile hatukuhubiri chochote, tulisikiliza tu. Mi nilikuwa nimetoka nyumbani najiona nawapelekea watu kitu, kumbe nimefika kwa watu wanaonidai salamu za miaka hamsini.

Sasa afya, hapa usinibishie. Dodoma malaria ni chache ukilinganisha na sehemu nyingi, Nampula ni nyingi sana, na mwili uliokulia kwenye ukame huu haujazoea, ndo maana wenyeji wanaweza kuwa na homa kidogo tu na wewe ukalazwa. Mi iliniangusha mara tatu mwaka wa kwanza. Chandarua kila usiku hata kama joto linakuua, homa ikianza pima siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, na dozi ya mseto uimalize yote hata ukijisikia mzima siku ya pili.

Makaratasi, kadi ya homa ya manjano uwe nayo, pasipoti isiwe inakaribia kuisha, na uwaulize wanaokupokea nani anashughulikia kibali chako cha kuishi, kule kile kitambulisho cha mgeni mkaazi wanaita DIRE, kuingia kama mgeni wa kutembea sio sawa na kuishi na kufanya kazi miaka miwili. Waulize pia ni wilaya gani kabisa unapelekwa maana jirani ya Nampula kwa kaskazini ni Cabo Delgado, na huko mashambulizi yameanza toka Oktoba 2017, familia nyingi zimekimbilia Nampula. Usione aibu kuuliza ukadhani ni kukosa imani, kanisa linalokutuma linapaswa kuwa na jibu.

Na mama yako mwache alie. Ila mpe kazi. Mwambie akufungie yeye lile begi, akuwekee unga wa ubuyu na zile karanga, afu mpangie siku moja ya wiki ya kuongea, ijulikane, asiwe anakaa na simu mkononi siku saba.

SWALI: Dada habari, mimi ni kijana wa Mpwapwa, nipo Zambia huduma ya mwaka mmoja. Mwenzangu tunaekaa nae chumba kimoja haoshi vyombo, anatumia sabuni yangu, akiomba usiku anaomba kwa sauti mpaka saa saba. Ni siku ya tisa hatusemeshani na mchana tunahubiri upendo pamoja. Nifanyeje?
*Kijana, Ndola*

JIBU: Kaka yangu, chemsha chai leo jioni, mwekee na yeye kikombe, afu anza kuongea wewe. Ongelea vyombo, sabuni na saa ya kulala, usiongelee tabia yake wala wokovu wake, ukianza na "wewe ni mtu wa aina gani" mmeisha. Pangeni zamu kwenye karatasi mbandike ukutani. Sisi tulikuwa na Jumamosi jioni, kila mmoja anasema kitu kimoja kilichomkwaza wiki hiyo na mwingine hajibu, anasikiliza tu, na kuna Jumamosi zilikuwa chungu kweli, ila yule dada wa Masasi ndo msimamizi wangu wa ndoa leo. Kwenye lile grupu la WhatsApp la familia usimseme, wewe utasamehe wiki ijayo ila mama zako wadogo hawatasahau.

SWALI: Mwanangu habari ya kazi. Mwanangu wa kiume kanisa limempeleka Ujerumani mwaka mmoja, anasaidia kwenye nyumba ya wazee na kanisani kwao. Mwanzoni alikuwa anapiga kila siku, saivi wiki mbili zinapita, akipiga sauti iko chini, anasema huku kuna giza na kanisani wako vikongwe kumi na tano. Nikimuuliza una nini anasema niko poa mama. Silali.
*Mama wa Nkuhungu*

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana, na asante kwa kuniandikia.

Kwanza hilo giza ni kweli wala hasemi kwa mafumbo. Kule mwezi wa 12 jua linazama kwenye saa kumi jioni na asubuhi linachelewa kutoka, mtoto aliezoea jua la Dodoma anaenda kazini giza na kutoka kazini giza, na hiyo inashusha moyo wa mtu hata asipokuwa na tatizo lingine lolote. Mwambie mchana akipata nusu saa atoke nje atembee, hata kama ni baridi, asibaki ndani na simu. Na saa zenu zinatofautiana, wakati huo wa baridi wao wako nyuma masaa mawili, wakati wao wa joto lisaa limoja, kwa hiyo ukimpigia saa mbili asubuhi umemwamsha.

Pili mama yangu, usimuulize una nini. Kijana wa kiume akiulizwa hivo atasema poa mpaka mwisho wa dunia. Muulize leo umemlisha mzee gani, anaitwa nani, anapenda nini. Utashangaa ataongea. Ile kazi ni nzito kuliko tunavyodhani huku, sisi tukisikia Ulaya tunawaza hela na picha za theluji, yeye anamgeuza kitandani mzee wa watu ambae watoto wake wako mbali, anamfuta, anamlisha supu na kijiko, na jioni anarudi chumbani peke yake. Huo ni umisheni kamili mama, na umwambie hivo kwa mdomo wako.

Hao vikongwe kumi na tano wa kanisani nao asiwaone wachache. Sisi huku tumezoea ibada ya tatu watu wamesimama nje. Mwaka 1927 dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika, hii ya kwetu Dodoma, ilipoanzishwa askofu wake wa kwanza, George Alexander Chambers, alikuja kutoka Australia, na waliokuja nae walijifunza Kigogo, wakakaa na ukame wetu na njaa zetu, wakaacha makanisa, shule na hospitali, nyumba nyingi za ibada tunazozijaza leo zimetokana na watu waliokubali kukaa na wachache. Saivi mtoto wako nae amekaa na wachache wa huko. Mtumie sauti, mama, sio maandishi. Rekodi kwaya ikiimba Jumapili, rekodi jogoo wa alfajiri, wewe ukimwita jina lake la utotoni. Na matatizo ya nyumbani, ada, paa linalovuja, yasiwe ya kwanza kwenye simu. Akiendelea hivo hivo mwezi mzima, halali, hali, muombe yeye au kanisa lililompeleka aongee na yule msimamizi wake kule apelekwe kwa daktari, huzuni ya namna hiyo inatibika na sio dhambi.

SWALI: Dada nilienda Dar likizo nikaona vijana wawili, mmoja Mzungu mmoja Mwafrika, mashati meupe, tai, kibao cha jina kifuani, wanatembea kwa miguu juani na wanaongea Kiswahili. Nikaambiwa ni wamishenari. Hivi hawa wanalipwa na nani na mbona ni wadogo hivyo?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

JIBU: Kwa ulivyowaelezea hao ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wengi wanawaita Wamormoni. Mimi sio wa kanisa hilo na tunatofautiana kwenye mafundisho makubwa, lakini umeuliza maisha yao nami nakujibu maisha. Hawalipwi mshahara. Wanajitolea, wengi wanatumia akiba zao na msaada wa familia, wavulana wanaanza na miaka 18 na wanakaa miaka miwili, wasichana mwaka mmoja na nusu, hawachagui wanapopelekwa, wanapewa barua tu. Wanatembea wawili wawili muda wote, na kijana hata wa miaka 19 kwenye kibao ameandikwa Mzee, ndo cheo chake. Wana siku moja ya wiki ya kufua na sokoni kama tuliyokuwa nayo sisi. Kilichonigusa mimi ni simu, mpaka mwanzoni mwa 2019 walikuwa wanaruhusiwa kupiga nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, siku nyingine ni barua pepe, ndo Februari mwaka huo wakaruhusiwa kila wiki. Mtoto wa miaka 19. Ukiwaona tena wape maji ya kunywa, kuongea habari za dini ni uamuzi wako.

SWALI: Dada, nimerudi mwezi wa pili kutoka Malawi, nilikaa miaka miwili. Hapa nyumbani Manyoni watu wanategemea nimerudi na hela, sina. Mbaya zaidi Jumapili ijayo nimepangiwa kutoa ushuhuda na mzee wa kanisa kaniuliza kabisa, wangapi wameokoka? Kwa uwazi ni watatu, na mmoja ameshaacha. Najiona nimekula sadaka za watu bure. Natamani nisiende.
*Kijana wa Manyoni*

JIBU: Mdogo wangu, nenda. Barua yako ndo iliyonifanya niombe nafasi kubwa mwezi huu.

Miezi ya kwanza ya kurudi ni migumu kuliko ile ya kwenda na hakuna anaekuandaa. Kule ulikuwa na ratiba, watu wanakuita kwa jina la heshima, kila asubuhi unajua kwa nini umeamka, afu ghafla uko sebuleni kwa baba yako na shemeji anakuuliza mipango yako ni nini. Mi nilikaa wiki tano sitoki nje, nikisikia mtu anaongea Kireno kwenye redio machozi yanatoka. Tafuta kazi yoyote ya mikono haraka, hata ya kulima au dukani kwa mtu, isubiri hiyo kazi nzuri ukiwa unafanya kitu. Na hao wa hela waambie mara moja, kwa upole, kwamba ulienda kujitolea, ukikwepa kwepa watadhani umezificha.

Kuhusu hesabu, usidanganye. Najua unajaribiwa kusema thelathini. Waambie watatu na useme mmoja ameacha na uwaombe wamuombee, kwa jina lake la kwanza tu. Waliotoa sadaka wengi ni mama zetu wanaouza nyanya na mkaa pale barabarani, hawakukununua kwa kichwa cha mtu, walikutuma ukakae na watu. Sasa waambie ulikaa na nani. Chagua mtu mmoja, waambie nyumba yake ilikuwaje, alikupikia nini, mlisali nini, ulikosea wapi.

Mimi Jumapili ile ya ushuhuda wangu nilikuwa nimeandaa karatasi yenye namba, nyumba ngapi, watoto wangapi, vitabu vingapi. Nilipofika mbele nikaiona mikono inatetemeka, nikaiweka ile karatasi chini, nikasimulia habari za yule mama wa bombani na kuku wake aliepikwa na nazi, na watoto wanne wanaongoja mpaka giza linaingia kwa sababu dada wa Dodoma hajui kusema saa tisa. Dakika kumi hazikufika nikakaa. Kanisa lilinyamaza. Ibada ilipoisha bibi wawili walinifata nje, mmoja ana kitambaa amefunga shilingi elfu mbili, wakaniuliza yule mama anaitwa nani, na kama naweza kupata mtu wa kumpelekea hiyo hela anunue kifaranga.